Aliyemshikia Malkia Mwavuli

Shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa karibu na soko la Tulia ilikuwa na projekta moja, filamu moja na Nthenya mmoja. Wengi waliona kwamba viwili vya kwanza vingetosha.

Mwaka huo wa 1971 Mwalimu Kasyoka alitangaza kwamba Siku ya Wazazi wasichana wangeigiza hadithi ya Malkia wa Mawingu. Filamu yake wangeitazama kwanza, Jumamosi. Kalunde, rafiki wa Nthenya, aliutaka umalkia huo hadi chakula kikamshinda. Lakini mwalimu alikuwa ameshaupima weusi wake kwa macho.

"Wewe, Kalunde, utashika mwavuli. Jumamosi utaona kwa nini."

Jumamosi mchana madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa blanketi. Watoto wa sokoni walialikwa, wakaketi sakafuni mbele. Vumbi lilipanda polepole ndani ya mwanga wa projekta, shuka iliyotundikwa ukutani ikapumua, na mawingu yakafunguka juu yake kama maziwa yanayoumuka.

Ilikuwa filamu ya zamani mno, ya kabla picha hazijajifunza kusema. Kwa hiyo, kama ilivyokuwa desturi ya gari la sinema lililozunguka vijijini, ilibidi mtu ashike kipaza sauti na kuwafasiria watu yale maandishi ya Kiingereza. Kazi hiyo tukufu alipewa Nthenya, kwa sababu ya koo lake.

Malkia akatokea, mweupe kama unga wa ngano, nywele zikimfuata kama kijito. Watu wake wote walikuwa weupe. Hata samaki waliokuwa wakiruka angani walikuwa weupe. Kisha akaja wa mwavuli: Mzungu aliyepakwa masizi, amechorwa midomo mikubwa, akizungusha macho kama mbuzi aliyekabwa.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Kalunde huyo!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Ai, Kalunde, ulienda Ulaya lini bila kutuaga?"

Kalunde akainamisha kichwa hadi paji likagusa magoti. Nthenya alimwona. Akakohoa kama mchungaji anayetaka kutangaza ndoa.

"Wapendwa," akasema, "msimcheke malkia."

Vichwa vikamgeukia.

"Huyu mweupe mbele ni wingu la kiangazi. Mnalijua. Linapendeza, linapita, halina kitu. Wingu la mvua lina rangi gani?"

"Jeusi!" watoto wakajibu kwa pamoja.

"Na mwavuli hushikwa na nani, kama si mwenye mvua?"

Watoto wakashusha pumzi. Tulia nzima ilijua kwamba picha inaweza kukosea, lakini kipaza sauti hakikosei. Tangu hapo, kila mara yule wa mwavuli alipozungusha macho, alikuwa akitafuta mashamba yaliyokauka. Alipojikwaa, radi ilipiga. Mwishoni yule mweupe alipovishwa taji, Nthenya alieleza kwa huzuni kwamba malkia wa kweli amemwachia alichezee.

Filamu ikaisha. Mwanga mtupu ukabaki kwenye shuka.

"Nthenya! Kiingereza hicho ulifundishwa na nani?"

"Na wewe, mwalimu."

Kabla mwalimu hajapata la kumfanya, kasichana ka sokoni kakasimama na kumwelekezea Kalunde kidole. "Mwalimu, malkia ni dada huyu?"

Mwalimu Kasyoka akakifuata kile kidole kwa macho. Mahindi ya mama yake kule Kasikeu yalikuwa yamekauka misimu miwili. Alimtazama Kalunde kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama anga la upande wa kilimani linapoanza kugeuka rangi.

"Njoo mbele," akasema. "Sema neno la kimalkia."

Kalunde akasimama katikati ya mwanga. Kivuli chake kikajaa shuka nzima, kikubwa, cheusi, kikiyumba polepole.

"Nimechelewa, najua," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini nimefika. Toeni madebe nje."

Na watoto waliokaa mbele wakavuta miguu yao, wasilowe.