Kabla Chumvi Haijamwagwa

Börje ndiye dereva wa lori la chumvi, na Börje hajui kukaa na neno. Mchana ule alimpigia simu Sixten: usiku barabara itaganda, kwa hiyo jioni anaanza kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu. Kabla kahawa yake haijapoa alikuwa ameshapigia nusu ya kijiji.

Sixten akavaa buti mbiombio. Chevroleti yake ya mwaka hamsini na saba, ya kijani yenye paa jeupe, ilikuwa tayari kwa usingizi wa baridi: imeoshwa hadi chini ya tumbo, imemwagwa oili ikatiwa mpya, tenki limejazwa pomoni lisije likaota kutu ndani. Betri angeitoa akishafika, na eksozi angeiziba kwa waya wa kusugulia masufuria, maana panya wa huku Dalarna hawana adabu. Kilichobaki ni kuipeleka ng'ambo ya barabara kuu, kwenye banda la jirani yake Majvor, ilikokuwa ikilala kila majira ya baridi tangu enzi za marehemu mume wa Majvor. Ila ilikuwa lazima iwe leo. Barabara ikishaona chumvi, gari la zamani halikanyagi tena. Chumvi hupenya kila mkunjo wa bati, na theluji ikiyeyuka unakuta umebaki na matundu yenye rangi nzuri.

Akafika nalo, akafungua mlango wa banda, akaduwaa. Pale mahali pa gari palikuwa pamepangwa kuni, nadhifu kabisa, zikimfika kifuani.

Alhamisi jiko la Majvor halikosi watu. Supu yake ya njegere na chapati za maji huzungumzwa hadi kanisani. Siku hiyo walikuwapo Åke na mkewe Hjördis, na mbwa wao amejilaza chini ya meza. Sixten alipoingia, vijiko vikanyamaza.

"Majvor, bandani kuna kuni."

"Najua. Nimezipanga mwenyewe."

"Na gari langu je?"

"Si lina magurudumu? Litafute pa kwenda."

Åke akapaliwa na supu. Hjördis akamkanyaga chini ya meza.

Sixten akavuta kiti. "Kama ni ile oili iliyodondoka sakafuni mwaka jana, nitaisugua kwa mikono yangu."

"Oili haijanikosea kitu. Kula, supu inapoa."

Sixten akawageukia wale wawili. "Ninyi mnajua kuna nini."

"Kijiji kizima kinajua," Hjördis akasema, "isipokuwa mwenye gari."

"Mimi usiniulize," Åke akasema. "Chapati bado hazijaletwa."

Majvor akaweka upawa chini. "Haya. Kiangazi hiki, bibi harusi wa nyumba ya juu alipelekwa kanisani na nani?"

"Na mimi."

"Hjördis siku yake ya kuzaliwa?"

"Nilimzungusha ziwani."

"Na huyu?" Akaonyesha chini ya meza.

Sixten akainama. Mbwa akamtazama, mkia ukipigapiga sakafu. "Huyu alikuwa mgonjwa, bwana. Tulimkimbiza kwa daktari."

"Kiti cha mbele," Hjördis akaongeza.

"Mimi ndiye ninayelilaza hilo gari," Majvor akasema. "Nalifunika mashuka yangu, nawafukuza panya, nikienda kulisha kuku nalijulia hali. Mbwa wa Åke amepanda. Mimi hata mpaka kwenye sanduku la barua sijapanda."

"Lakini hujawahi kuniomba."

"Kitu kama hicho hakiombwi, Sixten. Mtu anakaribishwa."

Kila masika Sixten alilikuta gari lake halina vumbi, viti vikinukia sabuni ya kufulia, naye akadhani ndivyo mabanda yalivyo. Nje mwanga ulikuwa unaanza kufifia. Akimtembeza Majvor sasa hivi, huenda wakarudi juu ya chumvi.

Akainuka, akalitoa koti la Majvor msumarini, akalishika wazi. "Karibu tukatembee."

"Saa hizi? Na Börje je?"

"Börje ana kazi yake, mimi nina abiria wangu."

"Sijachana hata nywele."

"Mbwa naye hakuchana," Åke akasema, na safari hii hakukanyagwa.

Walifuata ukingo wa ziwa. Mwanzoni Majvor alikaa wima, mkoba mapajani kama yuko ibadani. Kisha akaegemea. Kisha akaweka kiganja juu ya dashibodi, akausikiliza mngurumo.

"Kumbe likiwa macho liko hivi," akasema.

Waliporudi, kwenye njia panda, taa ya rangi ya chungwa ilikuwa inazunguka. Moyo wa Sixten ukashuka hadi kwenye pedali. Lakini lori lilikuwa limeegeshwa pembeni, na nyuma yake lami ilikuwa kavu, haina punje. Börje alikuwa amekaa ndani akitafuna tufaha.

"Hjördis kapiga simu," akasema kupitia dirisha la lori. "Eti nikimwaga kabla hamjarudi, jikoni kwa Majvor nisikanyage tena. Wao wanahamisha kuni. Åke analia na mgongo."

Majvor akashusha kioo. "Unaweza kungoja kiasi gani?"

"Robo saa, Majvor. Barabara si yangu."

"Nimekuwekea chapati."

Börje akajikuna shavu. "Haya, nusu saa."

Sixten alikuwa ameshawasha indiketa ya kukata kona kuelekea bandani. Majvor akaitazama ikipepesa, kisha akamtazama yeye.

Sixten akaizima, akanyoosha moja kwa moja.