Kadi ya Poronkusema

Rauha Sipola alikuwa na kadi iliyomkera tangu Helsinki. Kazi yake ilikuwa kukusanya maneno ya kamusi kubwa, na kwenye kadi hiyo aliandika *poronkusema*, kipimo cha umbali cha wafugaji wa kaskazini. Msomaji usidanganyike na masikio yako: kusema huku hakutoki mdomoni. *Poro* ni kulungu wa theluji. Kilichobaki ni kukojoa kwake. Mkuu wake alicheka, akaikata kwa wino mwekundu: "Utani wa watu wa porini. Futa."

Rauha hakufuta. Alifunga safari.

Asubuhi moja ya Machi, mfugaji aitwaye Inga Magga alikuwa akimpeleka Rauha kijijini Hetta kupanda basi la saa sita la kurudi. Kulungu aliyewavuta alitimua mbio, kigari chao kisicho na magurudumu kikiteleza na kurukaruka juu ya theluji. Ghafla Inga akavuta kamba.

"Mama Inga, mbona tunasimama? Basi litaniacha!"

"Likuache. Mwenzio ana haja."

Kulungu akatanua miguu, akakojoa kwa raha zake, mvuke ukipanda.

"Si angekojoa huku anakwenda?"

"Hawezi. Ukimlazimisha, mkojo unambana, anaugua. Ndiyo maana unasimama kila baada ya..." Inga akakatiza. "Mbona umenitolea macho hivyo, binti?"

"Kila baada ya nini? Malizia!"

"Poronkusema moja. Kwani ulidhani tunapima kwa rula?"

Rauha aliruka, akazama kwenye theluji hadi mapajani, akicheka kama mwehu. Kumbe si utani! Akatazama nguzo ya kilomita kando ya njia: tangu watoke, saba na nusu.

"Mama, turudi! Tupime tena, na kulungu mwingine!"

"Na basi?"

"Liende zake!"

"Makubwa haya! Mtu mzima na shule yake, anafukuzia mikojo," Inga akasema, lakini tayari alikuwa anamgeuza kulungu.

Walipima siku nne, kulungu watano. Hata mmoja hakufikisha kilomita nane bila kusimama. Rauha akaandika kadi mpya, Inga akiwa shahidi, akaipeleka mwenyewe mezani kwa mkuu.

Mzee akasoma, akarudia.

"Kulungu watano kweli?"

"Watano. Ukimtaka wa sita, vaa buti twende."

Mzee akakohoa, akavuta muhuri wa kukubali, akaigonga kadi.