Ndege Aliyewapa Kisogo Waalikwa

Mzee Mihuri, kama mtaa ulivyomwita, hakuwa ameshika kisu cha kuchongea tangu mkewe azikwe. Miaka ishirini na minane aliwachongea wakubwa mihuri yao ya mpira, na siku mkewe alipohitaji barua ya kwenda hospitali kubwa, barua ililala mezani wiki mbili ikisubiri kugongwa mmoja wa mihuri hiyohiyo. Bosi alikuwa semina. "Semina ya kujifunza nini?" mzee anauliza mpaka leo.

Asubuhi hiyo bintiye alimwekea mezani kipande cha mpira na mchoro wa ndege.

"Baba, muhuri wangu wa ndege umepasuka. Mwenye duka la vitabu anakuja saa nne kuangalia kadi zangu za pongezi ninazochapa. Akizikataa, Jumapili naenda kwa shangazi, kuna kazi kiwandani."

"Nenda. Nani kakushika?"

"Na wewe utakula nini?"

"Nitakula semina."

Binti hakucheka. Mzee akalitazama begi lililokwisha kufungwa kando ya mlango, akavuta kiti.

Mkono haukuwa umesahau. Mabawa yakatoka, mkia ukatoka, jicho akalitoboa kwa ncha ya msumari. Akapaka wino, akainua mkono juu kabisa, akagonga mpaka meza ikatikisika.

"Baba, hii siyo fomu. Unabonyeza taratibu."

"Wakubwa ndivyo walivyogonga. Wakiamua kugonga, lakini."

Akachukua kadi nyingine, akabonyeza. Wote wawili wakainama kutazama. Ndege alikuwa ameyapa kisogo maneno ya pongezi, anaangalia nje ya kadi kama mtu aliyenuna arusini.

"Mchoro nilishakugeuzia," binti akasema polepole. "Ili usihangaike."

"Na mimi nikaugeuza tena." Tangu ujana, kila alichopewa alikichonga kinyume, ili kikigongwa kisomeke sawa. "Ungeniambia."

"Nilidhani utaona."

"Nyie ni walewale. Mnaamua wenyewe huko juu, halafu mwenye kosa ni mwananchi."

Binti alianza kucheka, kisha machozi yakamlengalenga. Saa tatu ilikuwa imeshapita. Mzee akauvuta mpira uliobaki.

"Kama ana hamu ya kuangalia huko, tumpe wa kumwangalia."

Akachonga ndege wa pili, mdogo kidogo, mwenye kuelekea kwa mwenzake. Binti akamwonyesha namna ya kuziba ili wino usiingiliane: ndege wa kwanza anachapwa pia kwenye karatasi nyembamba, inakatwa kufuata ukingo wake, inalazwa juu yake pale kwenye kadi. Kisha wa pili anachapwa, kifua kikipandia kile cha mwenzake. Karatasi ilipoinuliwa, kifua cha wa pili kilikuwa kimejificha nyuma ya kile cha mwenzake, wamekaribiana uso kwa uso, na wa mbele hana hata tone la wino mgeni.

"Kumbe kufunika mambo kuna faida," mzee akasema.

Mabawa wakayapaka gundi, wakanyunyizia unga wa kumetameta. Mzee alinyunyiza kama anamwaga mbolea shambani, akapuliza uliobaki, ukamrudia usoni.

Mwenye duka, mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alizigeuza kadi moja moja. Ile ya tatu aliishika muda mrefu.

"Hawa wanagombana au wanaongea?"

"Wanaongea," mzee akawahi kabla ya binti. "Mmoja alikuwa anataka kuondoka."

Mama akazitazama nyusi za mzee zinavyometa, akauma mdomo asicheke.

"Nachukua zote kumi na mbili. Na kila Jumatatu nataka nyingine kama hizi. Lakini huo unga upungue, utanichafulia rafu."

Mama alipotoka, mzee akanung'unika, "Hata kulala hazijalala dukani kwake, keshaanza kutoa amri."

Binti alikuwa na simu sikioni. "Shangazi, shikamoo. Hapana, Jumapili usinisubiri. Eeh, baba yupo. Yupo hapa, anang'aa kama bibi arusi."

Mzee akajifanya hasikii. Alikuwa anatafuta mpira mwingine, mkubwa zaidi, maana ndege wale bado hawakuwa na tawi la kukalia.