Nyumba Iliyosadiki Karatasi

Jumanne jioni Rispa Akech alirudi nyumbani Mowlem na fungu la sukuma wiki na dagaa wa omena waliofungwa kwenye gazeti, akatia ufunguo mlangoni, akauzungusha, na mlango haukufunguka. Ufunguo ulizunguka vizuri. Kitasa kilitoa mlio wake wa kila siku. Mlango wenyewe ndio uliokataa. Aliusukuma kwa bega, kisha akabisha hodi kama mgeni, na mumewe, Zedekiah Okinyi, akamfungulia kwa kidole kimoja.

"Mbao zimevimba," Zedekiah alisema. "Ni mvua."

Mvua haikuwa imenyesha tangu Pasaka.

Kesho yake bomba la jikoni lilimkaukia Rispa mkononi, likamtiririkia Zedekiah. Swichi alizobonyeza hazikuwasha taa. Kufikia Jumapili, ukuta wa sebule ulikuwa umeacha kupokea kivuli chake. Cha kochi kilikuwepo, na cha Zedekiah kilikuwepo, kikinywa uji. Jirani yao Mideva aliingia kuazima ungo, akautazama ukuta, akamtazama Rispa.

"Nyumba imekutoa, Mama Apiyo. Umeiudhi kwa lipi?"

"Sijaiudhi."

"Basi kuna mtu ameiambia kitu," Mideva alisema, akachukua ungo akaenda zake.

Nyumba ile waliinunua kwa mshahara wa Zedekiah wa reli na samaki aliokaanga Rispa miaka mingi kando ya barabara. Siku ya kuhamia walifuata desturi ya kwao: mke alitangulia na moto kwenye jiko la makaa, mume akafuata na jogoo kwapani. Majirani walicheka, kisha wakala jogoo. Kwa hiyo nyumba ilimjua Rispa kabla ya kujua kochi.

Shida ilianza Zedekiah alipostaafu. "Nyumba hii imepanda bei, na imekaa tu kama ng'ombe asiyekamuliwa," alisema. Angeipa benki hati, benki ingempa mkopo, angeinua fleti huko Huruma, na wapangaji wangeulipa mkopo wenyewe. Kilichobaki ni sahihi ya mke.

"Nimekataa, Baba Apiyo," Rispa alimjibu. "Pa kulala hapachezewi kamari."

Zedekiah hakulitaja tena jambo hilo. Rispa alidhani ameshinda.

Jumatatu, jua likizama, alikuja Mitchelle Nabalayo, msichana wa kibanda cha M-Pesa pale steji ya matatu. Mlango ulifunguka kabla hajaugusa. Alivua viatu, akaenda moja kwa moja jikoni, akafungua bomba, na maji yakaja.

"Mathe, sijakuja kwa ubaya," alisema. "Nikifunga kibanda, miguu inanileta. Ni tangu nisaini."

"Ulisaini nini?"

Mitchelle alitazama ndani ya sufuria. "Mzee alisema ni kusimama tu mbele ya wakili, pale Makadara, niitikie jina lako. Akaninunulia chipsi."

"Na picha kwenye hizo karatasi?"

"Picha ni yangu."

"Chumvi iko nyuma ya majani ya chai," Rispa akasema.

Zedekiah alikula ugali wa Mitchelle na kuusifu. Rispa alipomuuliza, hakukana. "Ukienda kusema, mimi ninafungwa na benki inainadi nyumba. Utakuwa umepata nini? Vumilia jengo liishe."

Rispa hakuvumilia. Alimwendea yule wakili, akaweka kitambulisho chake mezani. Wakili alikilinganisha na karatasi zake, kwa upole, bila haraka.

"Jina ni lile lile," alisema. "Lakini mke wa Okinyi ni huyu hapa kwenye picha. Wewe, mama, ni nani?"

Jioni hiyo Rispa alinunua jiko jipya, akawasha makaa uani, akayapuliza hadi yakawa mekundu, akalibeba kuelekea mlangoni kama alivyolibeba siku ile ya kwanza. Alipofika kizingitini, makaa yalizimika moja baada ya jingine. Aliporudi nyuma, yakawaka. Mitchelle alikuwa ndani, ameushika mlango.

"Jaribu tena, mathe."

Alijaribu tena. Yakazimika tena. Mwishowe Mitchelle alinyoosha mikono, akalipokea jiko, na makaa yakakolea mikononi mwake. Alilia kidogo, kisha akaweka maji ya ugali, maana ilikuwa saa ya kupika.

Rispa alilala barazani hadi jengo la Huruma lilipokwisha. Siku iliyofuata alifunga nguo zake katika leso, akaenda huko kwa miguu. Mtunzaji wa jengo, Muoki, alimwonyesha chumba cha orofa ya tatu.

"Kodi ya mwezi wa kwanza, na ya mwingine ya kuweka dhamana," alimwambia. "Mwenye jengo hana mchezo. Hata mamake angelipa."

"Namjua," Rispa alisema.

Alitia ufunguo, na mlango ukafunguka. Alibonyeza swichi, taa ikawaka, kivuli chake kikaanguka ukutani kizima, na leso yake begani. Bomba halikuwa na maji, lakini halikuwa na maji kwa kila mtu.

Mwanzo wa mwezi Zedekiah alipita mlango kwa mlango akikusanya kodi, katika shati lililopigwa pasi vizuri na mtu mwingine. Alifika kwa Rispa, akabisha, akahesabu noti, akafungua kitabu cha risiti.

"Jina?" aliuliza, kama alivyomuuliza kila mpangaji.

"Rispa Akech."

Aliliandika lote, bila kosa, akachana risiti akampa.

"Funga mlango vizuri, mama," alisema akigeukia chumba cha pili. "Huku kuna wezi."

Rispa aliusukuma. Mlango ukafungika.