Mkwaju Aliopewa Wilf

Hiyo saa juu ya meko msiiguse. Mtu akiniuliza saa ngapi, damu inanichemka, na kwa nini, nitawaambia, ingawa bibi yenu atasema naanza tena.

Garth, mume wa shangazi yenu Maureen, alikuwa beki wa mwisho wa timu yetu hapa Aldersley. Raga ya watu kumi na tatu, siyo ile ya watoto wa shule za ada. Beki wa mwisho anabaki nyuma peke yake. Wenzake wakipitwa wote, lawama zake. Na mikwaju alikuwa anapiga yeye. Mvua, theluji, anajenga kichuguu chake cha mchanga, anasimamisha mpira, huo unapita kati ya nguzo. Mwaka ule Cleggett, mwenyekiti wa klabu, akamwambia: tukipanda daraja, mkataba mpya, tusipopanda, kwaheri.

Basi, mechi ya mwisho. Sisi na Brackwell tuko sawasawa, anapanda mwenye tofauti kubwa ya pointi. Wao wanacheza kwingine. Sisi tunaongoza mbali, na mwishoni kabisa tukafunga trai, mpira tukauweka chini nyuma ya mstari wao, na kila trai ina mkwaju wake wa pointi mbili. Sasa, kwetu mchezaji anayestaafu hupewa apige mkwaju mmoja siku ya kuaga, hata kama hajawahi kupiga maishani, mradi mechi imeshaamuliwa. Aliyekuwa anaaga ni Wilf Sugden wa mstari wa mbele, dude la mtu, shingo hana. Uwanja mzima: "Mpe Wilf! Mpe Wilf!"

Garth kaushika mpira, hauachii. Nilikuwa pale pale kwenye reli.

"Wilf, kaka, hizi pointi tunazihitaji."

"Piga wewe bwana, mimi nitavunja dirisha la mtu."

Cleggett akafoka kutoka kwenye kiti chake chenye mto: "Acha uchoyo, Garth! Brackwell wanachapwa huko! Mpe mzee wa watu!"

Wakamzomea Garth. Wakamzomea, jamani! Akautoa mpira.

Wilf akapiga. Mpira ukakimbia chini kama sungura, ukamgonga muuza pai. Watu wakacheka mpaka machozi.

Filimbi ikalia, redio ikasema Brackwell wamegeuza mambo dakika za mwisho. Wamepanda wao. Kwa pointi moja. Moja!

Kule baa ya klabu, Cleggett huyo huyo kapanda juu ya kiti: "Mpigaji wetu nani? Si Garth? Angekataa!" Na wale wale waliozomea wakaitikia.

"Kwani mikono ilikufa, beki?" akasema Stubbs wa bucha.

Nilimjibu Stubbs maneno ambayo bibi yenu hataki niyarudie.

Wilf akaja na hii saa, zawadi yake ya kustaafu. "Chukua, kaka. Siwezi kuitazama."

"Hata mimi," akasema Garth, akatoka. Nikaibeba mimi, nisimwachie Cleggett.

Garth akaenda kuendesha gari la mikate. Msimu uliofuata, Jumapili moja tunakula, mlango ukagongwa. Cleggett, na tai shingoni.

"Mzee, Garth yupo? Huyu beki mpya hata nguzo hazioni. Tukikosa mikwaju Jumamosi tunashuka daraja."

Kabla sijafungua mdomo, Garth akajibu kutoka mezani, hata uma hakuuweka chini.

"Mpe Wilf."

Mlango nikaufunga mimi, kwa mguu.