Panzi Aliyetaka Kupewa Jina la Mume Wangu

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa Daktari wa wadudu pale makumbusho. Hakuchoka kumtania: "Daktari gani wewe, wagonjwa wako wote wanatoka na pini mgongoni!" Katika safari yake ya mwisho, mume wangu ndiye aliyemkamata yule panzi wa kijani, mbawa kama majani ya mpera, papasi za kichwani ndefu kuliko mwili. Wataalamu hawakuwa wamewahi kumwona wa aina ile.

Hatukujaliwa mtoto. Basi Daktari aliponiita na kuniambia panzi atabeba jina la mzee wangu, nililia kwa furaha.

"Kesho linakwenda kuchapishwa. Likishatoka halifutiki, mama," alisema akivuta droo. "Wengine watakamatwa, lakini mwenye jina hasa ni huyu. Atakayebisha ataletwa hapa amtazame."

"Na atazikwa lini?"

Akacheka. "Huyu hazikwi. Atakaa humuhumu miaka nenda miaka rudi."

Nikamwinamia. Alikuwa amekauka, pini imempita mgongoni, miguu imekunjwa. Nikalitaja jina la mume wangu lote, polepole, nione litakavyosikika.

Miguu ya mbele ikanyanyuka.

"Feni hiyo," akasema Daktari.

Feni ilikuwa imezimwa. Aliizima mwenyewe karatasi zisipeperuke.

"Hawa masikio yao yako wapi, Daktari?"

Akaitazama feni. "Kwenye miguu ya mbele."

"Hebu taja jina lako."

Akalitaja. Panzi kimya.

"Sasa la mzee."

"Mama, tuache mchezo." Jasho lilikuwa limemtoka puani. Hakulitaja.

Nikasali kimoyomoyo. Jina lile nililitaka, Mungu anajua nilivyolitaka. Lakini pini ile nayo niliiona.

"Mpe jina la mpera," nikamwambia.

"La mzee litapotea, mama."

"Nitakuwa nalo mimi. Yeye mwache alale."

Akachomoa kikaratasi cha jina kilichokuwa chini ya pini, akaandika kingine. Miguu ikashuka, mmoja, kisha wa pili.

Niliaga. Nilipofika mlangoni nikasikia naitwa nyuma yangu, taratibu, kwa jina la utani ambalo mume wangu aliniitia chumbani tu. Daktari ananijua kwa "mama", basi.

Sikugeuka.

"Lala, baba," nikasema, nikaurudisha mlango.