Aliyepanda ni Mwenyewe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mtunzaji, kilemba kichwani na buti za mpira miguuni, alikuwa tayari ameinamia kwato za mbele za farasi, akichokoa tope kwa kijichuma chenye ncha iliyopinda. Baada ya kwato huja brashi ngumu ya kutoa vumbi, halafu brashi laini, halafu kitambaa chenye maji kwa macho na pua. Mkia huwa wa mwisho, na huchanwa kwa vidole, maana kitana huung'oa. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja bila kukosa hata sikukuu, na magoti yake yalikuwa yakilia kila alipoinuka.

Mwenye farasi, ambaye bandani wote walimwita Mwenyewe, alifika saa tatu na malalamiko yake ya kila siku. Nyasi kavu zimepanda bei. Shayiri nayo. Daktari wa mifugo hafungui mkoba bure, na viatu vya chuma vya kwato hubadilishwa kila baada ya wiki sita.

"Huyu farasi ananila hai," alisema, akapanda.

Mtunzaji yeye alikuwa na jambo moja tu moyoni. Hakuwahi kumpanda farasi huyo hata siku moja, na alitamani mpaka akaota. Ukutani palikuwa na kibao: FARASI HUPANDWA NA MWENYEWE TU. Kila mwaka aliomba auzunguke uwanja mara moja, na kila mwaka aliambiwa atamharibu farasi mgongo. Mtunzaji alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Mwenyewe alikuwa na kitambi cha kuheshimika.

Asubuhi hiyo kivuli cha farasi kilipoanguka uani, aliyekaa juu yake kivulini hakuwa Mwenyewe, alikuwa mwanamke mwenye kilemba na buti za mpira. Wa kwanza kuona alikuwa fundi wa kwato.

"Dada, naona leo umepanda."

"Mbona nimesimama hapa, kaka?"

"Wewe umesimama. Kivuli chako ndicho kimepanda."

Mtunzaji akatazama miguuni pake, hapakuwa na kitu. Akatazama uani. Kivuli chake kilikuwa kimekaa vizuri, mgongo umenyooka, hatamu kimezishika kwa mkono mwepesi. Alifurahi mno.

"Ehe, kweli," alisema. "Na kiatu cha nyuma kushoto kimelegea, usisahau."

Mwenyewe alimwita daktari. Daktari akapiga magoti, akakisikiliza kivuli kifuani, akasema ni kizima kabisa, akaandika bili. Tangu hapo Mwenyewe alipanda adhuhuri tu, jua likiwa utosini, wakati ambapo kivuli hujibana chini ya tumbo la farasi kisimuudhi mtu.

Lakini mashindano ya kuruka vizuizi yalikuwa saa kumi jioni, saa ambayo hata kuku ana kivuli kirefu. Farasi aliingia uwanjani aking'aa kuanzia masikio hadi mkia. Mtangazaji akashika kipaza sauti.

"Anayepanda leo ni mwenyewe!" Akatazama juu, akatazama chini, akafikiri kidogo. "Naam, mwenyewe hasa!"

Hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa neno lilikuwa limemfaa kila mtu. Juu, Mwenyewe aliyumba kwenye kila kizuizi na kung'ang'ania singa za shingo ya farasi. Chini, mwanamke wa kilemba aliruka bila kutikisika. Watu walipiga makofi wakiwa wameinamisha vichwa. Mwenyewe akavishwa medali, na kivuli nacho kikainamisha shingo kivishwe. Mtunzaji alikuwa ameegemea uzio na ndoo yake ya maji, akicheka mpaka akashika mbavu.

Farasi alipotoka uwanjani, mtunzaji akamwendea Mwenyewe.

"Bosi, leo basi nizunguke na mimi. Mara moja tu."

"Si kivuli chako kinapanda?" Mwenyewe akamtupia hatamu. "Unataka nini tena?"

Akaenda kupigwa picha ndani ya ukumbi.

Mtunzaji akamvua farasi tandiko, akamwosha jasho, akamtembeza hadi pumzi zikatulia. Kisha akapindua ndoo na kuikalia, kwa sababu mapaja yalikuwa yakimuuma, kule ndani, mahali panapomuuma mtu aliyeshinda juu ya farasi. Rafuni palikuwa na chupa ya dawa ya kumchulia farasi, ile ya bei mbaya. Akamimina ya kutosha kiganjani, akajichua polepole, akiimba.